Nani Hukiuza Chema?

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" ni miongoni mwa zile ambazo mtoto wa Kiswahili huzikariri kabla hajajua maana yake. Nimeifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule za msingi, kisha katika sekondari, na mwishowe katika chuo cha ualimu ambacho nilikuwa mkuu wake hadi nilipostaafu. Ni methali tamu masikioni, na zaidi ya hayo inaliwaza moyo. Inatuambia kwamba dunia ina uadilifu wake: anayetengeneza kitu kizuri hana haja ya kupiga kelele, kwani wanunuzi watakuja wenyewe. Lakini je, ni kweli? Na kama si kweli, au ni kweli nusu tu, tunayo haki gani ya kuwaambia hivyo vijana tunaowatuma vijijini kufanya kazi njema isiyo na malipo makubwa? Hayo ndiyo maswali ninayotaka tuyatafakari pamoja, ndugu msomaji. Huenda ukashangaa kuona kwamba nitayatafakari kwa msaada wa vijana wawili wa Brooklyn, New York, na albamu moja ya muziki wa kufokafoka.

Muziki huo sikuutafuta, uliletwa kwangu. Chuoni kwetu tulikuwa na desturi ya mdahalo kila Ijumaa jioni, na siku moja, yapata mwaka 2000, hoja iliyokuwa mezani ilikuwa methali hiyo hiyo. Upande wa upinzani alisimama mwanachuo mmoja kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Baada ya kumsalimu Mwenyekiti na kuniomba radhi mimi kwa heshima zote, alitoa mfukoni kanda ya kaseti aliyoletewa na jamaa yake kutoka Marekani. Akasema kwamba ndani ya kanda ile mna maneno yenye hekima kuliko mengi yanayopigwa redioni, lakini ni watu wangapi ukumbini waliopata kuyasikia? Hakuna. Halafu akageuza shoka upande wa pili: ikiwa chema chajiuza, mbona mwalimu mwema wa kijijini hukaa miezi akingoja mshahara, ilhali mpiga porojo wa mjini anajenga ghorofa? Ukumbi ulitaka kupasuka kwa makofi.

Mimi nilikuwa mgeni rasmi, si hakimu, kwa hiyo sikutoa uamuzi. Ila nilimwomba kijana aniazime kanda. Niliisikiliza mara tatu, nikisaidiwa na mwalimu wa Kiingereza kwenye lugha ya mitaani iliyonipita kimo. Tangu hapo nimeendelea kufuatilia habari za albamu hiyo kidogo kidogo, na siku hizi wajukuu hunisaidia kwa intaneti. Niliyoyapata yananitosha kuijadili methali kwa ushahidi badala ya hisia.

Albamu yenyewe ilitoka tarehe 29 Septemba 1998. Waimbaji wake ni wawili, wote wazaliwa wa Brooklyn: Mos Def, aliyezaliwa mwaka 1973 na ambaye baadaye alijichagulia jina la Yasiin Bey, na Talib Kweli, aliyezaliwa mwaka 1975. Kundi lao waliliita Black Star, yaani Nyota Nyeusi. Midundo mingi ilitengenezwa na Hi-Tek, kijana wa mji wa Cincinnati. Kampuni iliyoitoa, Rawkus, ilikuwa changa. Hawa walikuwa miongoni mwa wanamuziki ambao vijana huwaita wa andagraundi. Ni watu wa chini kwa chini, wanaofahamika katika kumbi ndogo na maduka madogo ya santuri kabla ya kufahamika redioni, na pengine wasifahamike huko kamwe.

Ili tuelewe uzito wa kazi yao, tukumbuke wakati wenyewe. Mnamo Septemba 1996 mwimbaji Tupac Shakur alipigwa risasi Las Vegas akafa. Miezi sita tu baadaye, Machi 1997, The Notorious B.I.G., naye mtoto wa Brooklyn, aliuawa Los Angeles. Muziki huo ulikuwa umeanza kuingiza fedha nyingi mno, na katika fedha hizo sifa kubwa ilikuwa kuonyesha dhahabu, magari na bunduki. Ndipo vijana hawa wawili wakaja na albamu isiyokuwa na lolote kati ya hayo. Katika wimbo uitwao "Definition" wanakemea mauaji yale na kuwauliza wenzao wanakwenda wapi. Katika "Children's Story" wanachukua umbo la hadithi ya mtoto anayesimuliwa kabla ya kulala, ambalo mwimbaji Slick Rick alilitumia mwaka 1988 kueleza habari za kijana aliyeponzwa na wizi. Lakini wao wanaigeuza hadithi: mwizi wao haibi fedha, anaiba nyimbo za wengine na kuziuza kama zake. Katika "Respiration", wakiwa na Common wa Chicago, wanautazama mji usiku kama kiumbe kinachopumua kwa taabu. Kwa kifupi, ni kazi ya watu walioketi wakafikiri kabla ya kufungua kinywa.

Sasa turudi kwenye methali. Chema hiki kilijiuza? Tarehe ile ile, 29 Septemba 1998, zilitoka pia albamu nyingine kadhaa za muziki huo huo, kana kwamba soko lilitaka kufanya jaribio mbele ya macho yetu. Siku hiyo Jay-Z, kijana mwingine wa Brooklyn, alitoa albamu iliyopanda hadi nafasi ya kwanza nchini Marekani na kuuza nakala zaidi ya milioni tano. Siku hiyo pia OutKast, nao vijana wawili kutoka Atlanta, walitoa *Aquemini*, nayo ikauza zaidi ya milioni mbili. Black Star walisifiwa na wachambuzi, wakapendwa sana na waliowajua, lakini mauzo yao hayakukaribia hata kidogo ya hao wawili.

Mwenye haraka atasema: unaona, kibaya kimeuzika na chema kimekaa rafuni. La hasha, jambo si jepesi hivyo. Albamu ya OutKast haikuwa kibaya. Hadi leo wajuzi wanaihesabu miongoni mwa kazi bora za fani hiyo, na iliuzika vizuri. Wala Jay-Z hakufika kileleni kwa kutojua kazi yake. Siku moja, soko moja, na ndani yake chema kiliuzika sana na chema kiliuzika kidogo. Kwa hiyo soko halikutuambia lipi ni jema. Lilituambia tu ni watu wangapi walinunua, katika muda gani, kwa bei gani. Hayo ni mambo ya kuhesabika, nayo yana faida yake, ila mzani wa duka haukutengenezwa kupima kila kitu. Ukiweka juu yake ukweli, au ujasiri, mshale hausogei.

Na hapa niseme neno dhidi ya upande wa pili, kwani nimelisikia mara nyingi kwa wasanii na hata kwa walimu. Kuna watu wanaoamini kwamba kutouzika ndiko ushahidi wa wema. Mtu anaandika kitabu kibovu, hakinunuliwi, naye anajifariji kwamba jamii haijafikia kimo cha fikra zake. Mwalimu darasa lake linafeli kila mwaka, naye husema yeye hafundishii mitihani, anafundishia maisha. Hiyo ni njia nyingine ya kuutumia mzani ule ule wa duka, ila umeshikwa kichwa chini. Vitu vingi vilivyokaa rafuni vimekaa kwa haki yao.

Mfano mzuri tunaupata katika jina lenyewe la kundi hili. Black Star si jina la kubuni. Mwaka 1919 Marcus Garvey, mzaliwa wa Jamaika, alianzisha huko New York kampuni ya meli iliyoitwa Black Star Line. Nia ilikuwa kwamba watu weusi wa Marekani, wa visiwa vya Karibi na wa Afrika wafanye biashara wao kwa wao, na anayetaka kurejea katika bara la mababu apate chombo cha kumrejesha. Hisa moja iliuzwa dola 5, na wanunuzi wengi walikuwa watu wa kipato cha chini, waliotoa akiba yao kwa matumaini. Kama kulikuwa na jambo jema katika biashara, basi hilo lilikuwa jema.

Lakini meli zenyewe? Meli ya kwanza, Yarmouth, ilikuwa imeundwa mwaka 1887. Ilinunuliwa kwa dola 165,000, bei iliyozidi mbali thamani yake. Nyingine hazikuwa bora kuliko hiyo. Fedha zilizochangwa na maskini zikaliwa na matengenezo na uendeshaji mbovu, na mwaka 1922 kampuni ikasimama. Garvey alishtakiwa kwa udanganyifu kwa njia ya posta, na ushahidi mmoja mkubwa ulikuwa tangazo la hisa lenye picha ya meli ambayo kampuni haikuwa nayo. Mwaka 1923 alipatikana na hatia, mwaka 1925 akaingia gerezani, na mwaka 1927 adhabu yake ikapunguzwa, akarudishwa Jamaika. Alifia London mwaka 1940.

Hapa lazima tuwape wahenga haki yao. Methali yetu ni onyo kwa muuzaji: shughulika na ubora wa bidhaa kabla ya kushughulika na tarumbeta. Kampuni ya Garvey ilikuwa na maandamano, sare, hotuba na picha nzuri. Kilichokosekana ni injini inayofanya kazi. Nia njema haizibi tundu la mtumbwi. Huo ndio upande wa methali ambao ni kweli tupu, nami nitautetea mpaka mwisho: chema kisichotengenezwa vizuri hakijawa chema bado, ni nia tu.

Hata hivyo habari ya Garvey haikuishia mahakamani. Mwaka 1957 Ghana ilipopata uhuru, iliweka nyota nyeusi katikati ya bendera yake, na shirika la meli la taifa likapewa jina lile lile la Black Star Line. Mwaka 1998 vijana wawili wa Brooklyn wakajiita kwa jina hilo. Na tarehe 19 Januari 2025, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Joe Biden alimpa Garvey msamaha, miaka karibu 85 baada ya kifo chake. Meli zilikwisha kuwa vyuma chakavu zamani. Jina lilikuwa bado linasafiri. Je, lilisafiri lenyewe?

Swali hili linanirudisha kwenye kazi yangu ya zamani ya kufundisha sarufi. Hebu tulitazame neno "chajiuza". Ndani yake mna kiambishi kidogo, "ji", ambacho sisi walimu hukieleza kwamba kinaonyesha mtenda na mtendwa ni mmoja: ajipenda, ajisifu, ajiua. Methali inasema chema cha-ji-uza na kibaya cha-ji-tembeza. Pande zote mbili zina "ji", na pande zote mbili hazina mtu. Kitu kinajiuza, kitu kinajitembeza. Fundi hayupo, mchuuzi hayupo, mnunuzi hayupo, aliyemwambia jirani yake "nenda kakinunue" naye hayupo. "Ji" imewafukuza wote.

Wala wahenga hawakuwa wageni wa jambo hili. Ni wao hao waliosema "Mganga hajigangi" na "Kinyozi hajinyoi". Walijua vizuri kwamba zipo kazi ambazo mwenyewe hawezi kujitendea, hata awe bingwa namna gani. Sharti apatikane mwingine. Nikiziweka methali hizi tatu pamoja, kama mzee anavyowaweka wajukuu wanaogombana kwenye mkeka mmoja, napata fundisho linaloniridhisha zaidi: kama kinyozi hajinyoi na mganga hajigangi, basi chema nacho hakijiuzi. Hubebwa.

Tazama jinsi albamu hii inavyothibitisha hayo. Katika wimbo uitwao "Thieves in the Night" vijana wanajadili tofauti iliyopo kati ya kuwa mwema na kuonekana mwema, kati ya uhuru na ruhusa. Fikra hizo walizichota katika kurasa za mwisho za *The Bluest Eye*, riwaya ya kwanza ya Toni Morrison, iliyotoka mwaka 1970. Riwaya hiyo haikupata wasomaji wengi ilipotoka. Umaarufu ulimjia mwandishi baadaye, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1993. Wakati kitabu kinatoka, Mos Def na Talib Kweli walikuwa hawajazaliwa. Sasa niambie, ndugu msomaji: kitabu hicho kilitembeaje kwa miaka 28 mpaka kikaingia katika wimbo wao? Kilishikwa na mikono. Mama mzazi wa Talib Kweli ni profesa wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Medgar Evers, hapo hapo Brooklyn. Kweli mwenyewe alifanya kazi katika duka dogo la vitabu vya watu weusi lililoitwa Nkiru. Duka lilipoanza kuyumba, yeye na Mos Def walilinunua ili wajaribu kuliokoa. Miaka michache baadaye likafungwa. Lakini kabla halijafungwa lilikuwa limekwisha kupitisha vitabu mikononi mwa watu ambao hatutawahesabu.

Hata jina la kijana huyu ni ushahidi. Talib ni neno la Kiarabu, mwenye kutafuta elimu, mwanafunzi. Na Kweli ni neno letu, halihitaji tafsiri. Lilifikaje Brooklyn? Hakuna mtu wa Brooklyn aliyelihitaji ili anunue mkate. Tangu miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walianza kuwapa watoto wao majina ya Kiafrika, na wengi waliyatafuta katika Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa, nguzo zake saba alizitaja kwa maneno kama Umoja, Kujichagulia, Ujamaa na Imani. Watu waliokuwa wamenyang'anywa lugha za mababu walivuka bahari kwa fikra, wakachukua neno moja la Kiswahili, wakamvika mtoto mchanga. Mimi niliyefundisha lugha hii maisha yangu yote nimeguswa na jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Lugha haikujiuza kwao. Watu waliibeba.

Lakini wabebaji nao si malaika, na hapa pana tatizo la maadili ambalo sitalikwepa. Kampuni ya Rawkus iliendeshwa na vijana wawili waliosaidiwa kwa fedha na rafiki yao James Murdoch, mtoto wa Rupert Murdoch, mmoja wa matajiri wakubwa wa magazeti na televisheni duniani. Kwa hiyo maneno ya wanyonge yalisafiri kwa nauli iliyotoka, kwa sehemu, katika nyumba ya tajiri. Kuna atakayeona aibu hapo, aseme maji masafi yamepita katika bomba lenye kutu. Mimi naona tuulize maswali mawili tu. La kwanza: je, mbebaji aliubadilisha mzigo? Nikiisikiliza albamu sioni dalili hiyo. La pili: je, mzigo ulimtegemea yeye peke yake? Hapana, Rawkus ilimezwa na kampuni kubwa, na miaka michache baadaye ikafa, lakini albamu iko hai. Mchukuzi wa kituo cha basi si lazima aipende safari yako, ili mradi sanduku lifike bila kufunguliwa. Ila mwenye sanduku asilale njiani.

Na wenye sanduku hawa hawakulala, ingawa safari yao ya pili ilizua maswali mapya. Kundi lilikaa miaka karibu 24 bila albamu nyingine, hadi tarehe 3 Mei 2022 ilipotoka *No Fear of Time*, ambayo muziki wake ulitayarishwa na Madlib. Safari hii hawakuipeleka madukani wala katika mitandao ya kawaida ya kusikiliza muziki, bali katika jukwaa moja la vipindi vya sauti liitwalo Luminary, ambalo msikilizaji hulipia ada. Wapenzi wao wengi walinung'unika. Mimi nawaelewa pande zote mbili. Msanii anastahili ujira, na mitandao ya kawaida humlipa sehemu ndogo mno ya senti kwa kila usikilizaji mmoja. Kukataa kuuzwa kwa bei ya kutupa ni haki yake. Lakini chema kikiwekwa mahali ambapo kijana wa kawaida hafiki, kinapoteza wale ambao wangekibeba. Albamu ya kwanza ilinifikia mimi, mzee wa chuo cha ualimu, kwa kanda iliyonakiliwa ikapita mikono isiyopungua mitatu, bila hata senti moja kumfikia mwimbaji. Hilo nalo si haki kwake. Ukitaka kuujua ugumu wa swali letu, huo ndio: njia iliyomnyima mwimbaji haki yake ndiyo iliyoleta neno lake nyanda za juu za Tanzania. Sioni jibu jepesi, na anayedai kuwa nalo namtilia shaka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu kuliko kupita kiasi. Kila mwaka, siku ya mahafali, nilipaswa kuwahutubia vijana waliokuwa wakienda kuanza kazi. Wengine walipangiwa shule ambazo barabara hukatika kwa miezi mitatu ya masika. Kusema nao ilikuwa amana. Ukimwambia kijana "fanya wema, dunia itauona", unampa hundi ambayo huna hakika kama benki itaiheshimu. Siku itakapokataliwa, hatailaumu benki. Atauchukia wema wenyewe. Nimewaona walimu wa aina hiyo. Hawakuvunjwa na umaskini peke yake, bali na ahadi waliyopewa na wakubwa wao kwamba jasho lao litaonekana.

Yule kijana wa mdahalo alipangiwa shule ya msingi ya mbali. Huko alianzisha gazeti la ukutani: karatasi za mabango, kalamu za rangi, habari za kijiji zilizoandikwa na watoto wenyewe, na kona ya mashairi. Hakuna aliyemtuma, wala hakupata kutajwa mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Baada ya miaka tisa aliniandikia barua. Alikuwa amepata nafasi katika biashara ya ndugu yake Mwanza, na alitaka nimwambie kama aende au abaki. "Mwalimu wangu shikamoo," alianza, halafu akaniuliza moja kwa moja: "Kazi hii kuna anayeiona?"

Nilikaa na barua ile juma zima. Sikumwandikia kwamba chema chajiuza, maana asingenisadiki, naye angekuwa na haki. Nilimwandikia kwamba mimi nimeiona, na kwamba kuonwa na mtu mmoja si malipo, lakini ni ushahidi. Nilimwambia pia kwamba anayebeba mzigo mzito ana ruhusa ya kuutua, ila kabla ya kuutua atazame kama yupo wa kumpokea. Aliondoka mwaka uliofuata, na simlaumu. Ana watoto wa kusomesha. Gazeti la ukutani liliendelea, kwa kuwa alilikabidhi kwa mwalimu mwenzake, binti aliyekuwa amejifunza kwake jinsi ya kulipanga, naye baadaye akalikabidhi kwa mwingine. Mara ya mwisho nilipopata habari zake lilikuwa linabandikwa bado, kila Jumatatu, chini ya paa lile lile.

Kwa hiyo methali nitaendelea kuifundisha kwa yeyote atakayeketi nami, lakini nitaifundisha pamoja na dada zake, mganga na kinyozi. Kijana akiniuliza nitamwambia mambo matatu. Kwanza, tengeneza kitu chako vizuri, meli yako iwe na injini kabla haijawa na bendera. Pili, ukikiona chema cha mwenzako kimekaa rafuni, usipite ukisema kitajiuza. Kinyanyue, kionyeshe, kilipie ukiweza, na umtaje aliyekitengeneza. Tatu, uwe tayari kwamba kipo chema ambacho hakitanunuliwa na mtu yeyote katika maisha yako, na kitabaki chema. Hilo la tatu ni gumu kulisema mbele ya watu walio na njaa, nami sikupata kulisema bila kuinamisha macho. Lakini ndilo pekee kati ya hayo matatu ambalo halitegemei soko, halitegemei mbebaji, wala halitegemei bahati. Mengine yote tunahitaji mikono ya wenzetu.